Vyumba vinne vya alotimenti: kampuni imekuahidi nini hasa?

SWALI: Assalaam aleykum. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane huku Jambiani. Kampuni moja ya utalii ya Ulaya imeniletea mkataba wa msimu ujao. Wanataka vyumba vinne kwa "alotimenti", rilisi siku 14, bei neti dola 45 kwa chumba kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, na watalipa siku 30 baada ya mgeni kuondoka. Bei yangu ya kawaida ni dola 70. Mwanangu ndiye anayesimamia buking za mtandaoni. Anasema tusaini haraka kwa sababu nusu ya nyumba imeshauzwa msimu mzima, na anataka kuvifunga vyumba vinne Booking.com leo hii. Je, alotimenti maana yake ndiyo hiyo? (Mama mwenye nyumba, Jambiani)

JIBU: Waaleykum salaam, mama. Kwanza mwambie kijana asifunge kitu, kwa sababu hamjasaini na hakuna hata usiku mmoja uliouzwa.

Alotimenti ni ruhusa. Wewe unairuhusu kampuni iviuze vyumba vyako vinne bila kukuuliza kila mara, nayo haikuahidi kuvinunua. Wakipata mgeni wanakuletea jina, na hapo huna budi kumpokea kwa dola 45 hata kama jioni ile ile kuna mtu mlangoni na dola 90 mkononi. Wasipompata, siku ya rilisi ikifika chumba kinarudi kwako na hamdaiani chochote. Hakuna faini wala fidia. Hasara ya chumba kitupu ni yako peke yako.

Fikiria duka la kanga pale Darajani. Mteja anaingia wiki tatu kabla ya Idi, anachagua doti nne nzuri, anasema "niwekee, nitapita", wala haachi arbuni. Mwenye duka anaziweka chini ya meza na wengine wanaoziulizia anawaambia zina mwenyewe. Akija, vizuri. Asipokuja mpaka usiku wa mkesha, zile doti zinarudi rafuni, lakini wanunuzi wameshakwenda zao na kanga zao za duka la pili. Kwa hiyo suala lako kubwa si hizo doti nne, wala si bei uliyoambiwa. Suala ni siku gani atakayekuwa ameamua. Siku hiyo ndiyo wenye kazi yetu tunaiita rilisi, na naona watu wengi sana huku pwani wanaisaini bila kuisoma mara mbili.

Rilisi ya siku 14 maana yake ni hii: mgeni wa tarehe 20 Agosti, kampuni inaweza kumuuza mpaka tarehe 6 Agosti. Kuanzia hapo chumba ni chako. Sasa jiulize, tarehe 6 Agosti kuna nani aliyebaki duniani ambaye hajapanga pa kulala tarehe 20? Mtu wa Ulaya anayekuja Zanzibar wakati wa likizo za skuli hukata tiketi miezi kadhaa kabla, na akishakata tiketi hakai sana bila kutafuta chumba. Watakaobaki ni wachache: wafanyakazi wa kigeni walioko Dar es Salaam au Nairobi, vijana wanaosafiri na mabegi mgongoni ambao leo wako Nungwi na kesho Paje, na wenyeji wanaotaka kupumzika mwisho wa wiki. Ni wateja wazuri wote hao, nami sipendi kuona wanavyodharauliwa, ila hawatoshi kujaza vyumba vinne vilivyorudi kwa pamoja katikati ya Agosti.

Tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, wewe tia zako. Vyumba vinne kwa siku 31 za Agosti ni siku za chumba 124. Tuseme kampuni ikauza nusu yake, yaani 62, kwa dola 45. Hiyo ni dola 2,790. Zile 62 nyingine zinakurudia kidogo kidogo zikiwa zimebaki wiki mbili, na tuseme unafanikiwa kuuza 20 kwa Booking.com. Kwa dola 70, ukitoa kamisheni ambayo aghalabu ni karibu asilimia 15, unabaki na dola 59.50 kwa usiku, kwa hiyo unapata dola 1,190. Jumla dola 3,980, na siku 42 za chumba zimelala tupu katika mwezi bora wa mwaka.

Ungebaki na vyumba vyako mwenyewe, ingekuchukua siku 67 tu kati ya zile 124 kuzipita hizo dola 3,980. Ni zaidi kidogo ya nusu. Nyumba safi iliyo ufukweni au karibu nao Jambiani, yenye maoni mazuri ya wageni, isiyoweza kujaza nusu yake Agosti, ina tatizo ambalo mkataba huu hautalitibu.

Usinielewe kwamba alotimenti ni hila. Ni chombo halali na cha zamani, na mahoteli mengi ya visiwani yasingesimama bila hicho. Kampuni ya Ulaya inachapisha bei zake mapema, inawalipa mawakala, inajibu simu za wateja kwa Kijerumani au Kifaransa, na haiwezi kumwambia mteja aliyeshika kadi ya benki mkononi "ngoja nimuulize mama Jambiani". Inataka uhakika kwamba chumba kipo. Uhakika huo una thamani, na wewe ndiye unayeuuza. Ninachotaka uone ni kwamba unauuza pamoja na usiku wa kulala, na kwenye mkataba huu uhakika umeandikiwa bei ya sifuri.

Kwa hiyo ugawe mwaka wako. Mkataba uliotumiwa unakuchukulia kama vile miezi yote ni mmoja, na wewe unajua si hivyo.

Masika, yaani Aprili na Mei, mahoteli kadhaa ya pwani hufunga kabisa, mengine hupunguza wafanyakazi na kupaka rangi. Wakati huo wape vyumba vyote vinane wakivitaka, na rilisi ya siku tatu haina ubaya. Upo hata mpango mwepesi zaidi, unaoitwa frisele: wanauza watakavyo mpaka wewe useme basi. Hapo huna cha kupoteza, maana chumba walichokishika hakuna mwingine anayekigombania.

Kusi likishika, kuanzia Juni na hasa Julai na Agosti, mambo yanageuka. Likizo za Ulaya zinakutana na upepo, na wacheza kaiti wa Paje, wale wanaovutwa majini na tiara, wakikosa nafasi huko wanamwagikia kwako Jambiani. Watu hao hukaa wiki na zaidi, na wengi hujitafutia chumba wenyewe. Kadhalika kuanzia wiki ya Krismasi mpaka baada ya mwaka mpya. Nyakati hizo usitoe alotimenti kabisa. Waambie ni "kwa ombi": wakipata mteja wanakuandikia, nawe unawajibu ndani ya saa 24 kama chumba kipo. Wanaweza kununa. Lakini kampuni inayotaka kufanya kazi nawe kwa dhati itakubali, kwa kuwa wao wenyewe wanajua Agosti haihitaji dalali.

Katikati ya hapo, kuanzia katikati ya Septemba mpaka kabla ya Krismasi, halafu Januari mpaka Machi, ndipo alotimenti inapokufaa hasa. Oktoba bado pana watu, Novemba vuli zinawatia wasiwasi wageni, na hapo jina la kampuni yenye wateja wake linakuletea mtu ambaye asingekuona. Wape vyumba viwili, visiwe vinne, na rilisi iwe siku 21.

Kuna jambo moja ambalo hutaliona kwenye mkataba wowote ulioandikwa Ulaya, nalo ni Idi. Kalenda yao ya misimu inafuata jua, Idi inafuata mwezi na hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Watu wa Dar es Salaam huvuka kwa wingi siku za sikukuu, familia nzima kwa boti, na wanalipa bei kamili bila kamisheni ya mtu. Mwaka ambao Idi imeangukia katikati ya kile ambacho mkataba unakiita msimu wa chini, vyumba vyako vinashikiliwa kwa bei ya chini kabisa siku ambazo mlangoni kwako pana foleni. Andika siku za Idi zote mbili ziwe nje ya alotimenti, na uweke siku moja ya ziada mbele na nyuma kwa ajili ya mwandamo. Nimekaa kwenye meza za rizevesheni za mahoteli ya visiwani kwa muda mrefu, na hiki ndicho kipengele ambacho Mzungu hukikubali bila kubishana kabisa. Hakikumjia akilini tu.

Nije kwenye alichokisema kijana, kwamba nusu ya nyumba imeuzwa. Mkataba wa namna hiyo upo kweli, ila si huu. Unaitwa wa kudhamini vyumba: kampuni inalipia vyumba kadhaa kwa msimu, mgeni aje asije. Waitaliano wana msemo wao wa kibiashara, vuoto per pieno, yaani kitupu kinahesabiwa kama kimejaa, na vijana waliofanya kazi Kiwengwa na Pwani Mchangani kwenye mahoteli yanayopokea Waitaliano huenda wameusikia. Kampuni inayoleta ndege zake za kukodi inaelewa mantiki hiyo, kwa sababu viti vya ndege imeshavilipia na haina faida navyo bila vitanda. Kwa mkataba huo bei ya dola 45 ingekuwa ya kuzungumzika hata Agosti, kwani hatari ya chumba kitupu ingehamia kwao. Waulize kama wako tayari kudhamini angalau chumba kimoja, japo nakuambia mapema kwamba kwa nyumba ya vyumba vinane aghalabu watakataa. Hata hivyo uliza. Wakikataa, umewapa sababu ya kulegeza kwenye rilisi.

Hiyo bei neti nayo ina mlango wa nyuma. Neti maana yake ni kile kinachokufikia wewe mkononi. Wao wanaongeza faida yao juu na kumuuzia mteja wapendavyo. Kama mteja ananunua ndege, gari na chumba kwa bei moja, hajui chumba chako kimegharimu ngapi na wewe huna neno. Lakini zipo kampuni zinazochukua bei neti na kuzipitisha kwa wauzaji wa jumla, mwisho chumba chako kinatokea kwenye tovuti fulani kwa dola 55 wakati wewe mwenyewe umekiweka Booking.com kwa 70. Mgeni anaona bei mbili za chumba kimoja, anakuona wewe ndiye mwizi. Weka sentensi moja: bei hii ni ya safari za kifurushi tu, hairuhusiwi kuuzwa chumba peke yake mtandaoni. Na uandike kama dola 45 zina kodi ndani yake au hazina. Kodi isipotajwa, utaikuta imetoka kwako.

Juu ya malipo nitasimama kidogo, maana hapa nina msimamo mkali. Siku 30 baada ya mgeni kuondoka maana yake wewe, mwenye vyumba vinane, ambaye unanunua samaki, mayai na dizeli ya jenereta kwa fedha taslimu, ndiye unayeikopesha kampuni ya Ulaya. Mgeni wao amelipa kabla hajapanda ndege. Fedha ipo, ila imekaa kwao. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza, iliyokuwa na umri wa miaka 178, iliporomoka usiku mmoja. Serikali ya Uingereza ililazimika kuwarudisha nyumbani wasafiri wapatao 150,000. Wasafiri walipata wa kuwabeba. Wenye mahoteli wa Hispania, Ugiriki, Uturuki na Tunisia walibaki na ankara za kiangazi kizima, kwa kuwa walikuwa wakisubiri malipo ya baada, na wakaambiwa wajipange kwenye mstari wa wadai. Kampuni ile ilikuwa kubwa na maarufu kuliko karibu yoyote itakayokuandikia wewe. Omba ulipwe siku 14 kabla ya mgeni kufika. Ukishindwa kabisa, iwe siku anapofika. Deni la baada waachie mahoteli ya vyumba 200 ambayo yana mhasibu wa kulifukuza.

Kuna na hatari ya kuuza chumba mara mbili. Ukishaweka vyumba kwenye alotimenti, kampuni ina haki ya kuuza mpaka dakika ya mwisho ya rilisi, hata kama kijana amekiacha chumba hicho wazi kwenye mtandao kwa kuwa "hawa hawajaleta mtu". Jina likija na chumba kimeshanunuliwa, wewe ndiye utakayemtafutia mgeni pahala pengine pa hadhi ile ile au zaidi, ulipe tofauti na ulipe na taksi. Na jambo hilo haliishii Jambiani. Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya safari za vifurushi ya mwaka 2015, kampuni iliyouza safari ndiyo inayowajibika kwa mteja wake kwa kila kipande cha safari, kikiwemo kitanda chako, na mikataba mingi ina kipengele kinachokubebesha wewe gharama hiyo. Kitafute hicho kipengele. Usiogope kukiacha kibaki mkatabani, kwani ni haki yao, lakini andika kikomo: fidia isizidi thamani ya usiku uliokosekana pamoja na usafiri.

Dawa yake ni haki ya kusimamisha mauzo. Unaandika kwamba unaweza kuifunga alotimenti ya tarehe fulani kwa kuwaarifu saa 48 kabla, na kwamba kufunga hakugusi wageni walioshauzwa. Sisi tunaiita stopu sele. Kwa nyumba ndogo kama yako, kipengele hiki kimoja kinaweza kuwa na faida kuliko dola tano juu ya bei.

Wasomaji wa Pemba wanaoniuliza mambo haya haya, hesabu yenu iko tofauti. Mgeni wa kupita mlangoni ni nadra huko. Anayekuja kupiga mbizi au kutembea msitu wa Ngezi amepanga kila kitu pamoja na usafiri. Chumba kinachorudi siku 14 kabla ni kama hakikurudi. Ninyi ombeni siku 30, hata 45, na msione haya. Na mkiwa Chake Chake mkapata barua ya shirika linalotaka vyumba kumi vya warsha, hiyo si alotimenti ya aina hii. Ile ni bloku ya kundi moja kwa tarehe moja: itakeni arbuni, tarehe ya mwisho ya kuleta orodha ya majina, na idadi ya vyumba wanavyoruhusiwa kupunguza bila kulipa.

Sasa mama, majibu yako kwa kampuni yanaweza kuwa hivi, ukabadilisha unavyoona:

"Tunashukuru kwa mkataba. Tunaweza kutoa vyumba viwili kwa alotimenti kuanzia Septemba 16 hadi Desemba 19, na Januari 11 hadi Machi 31, rilisi siku 21. Aprili na Mei ni frisele kwa vyumba vyote. Juni 1 hadi Septemba 15, na Desemba 20 hadi Januari 10, ni kwa ombi, nasi tutajibu ndani ya saa 24. Siku za Idi mbili hazimo. Tuna haki ya kusimamisha mauzo kwa taarifa ya saa 48. Bei ni kwa safari za kifurushi pekee. Malipo yafike siku 14 kabla ya mgeni."

Watakurudia wakivuta. Wakivuta kwenye Juni, wape chumba kimoja, maana nusu ya kwanza ya mwezi huwa haijachangamka. Wakivuta kwenye bei ya Novemba, shuka dola mbili tatu ikiwa rilisi itabaki 21. Wakivuta kwenye Agosti, au wakisisitiza kulipa baada ya mgeni kuondoka, waage kwa adabu. Kampuni nyingine itaandika.

Mkishakubaliana, kijana azitie tarehe zote za rilisi kwenye simu yake zikiwa na kengele. Usitegemee kampuni ikuandikie kwamba chumba kimerudi, kwa maana nyingi haziandiki. Siku ikigonga bila jina, chumba ni chenu, na kinapaswa kufunguliwa mtandaoni asubuhi ile ile.